Gurudumu la Kandambili

Ndugu msikilizaji, ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho au Marangu, huenda ukakutana na watoto wakisukuma magari ya waya. Usiwapite hivi hivi, tazama magurudumu.

Anayeanza hutumia vifuniko vya soda. Kwenye mteremko vinateleza. Basi hutafuta kandambili iliyochakaa, akachora duara kwa kopo, akakata, akatoboa katikati. Tundu likienda pembeni kidogo tu, gari linachechemea. Anayetaka lori huweka magurudumu mawili mawili nyuma, na kile kifuniko sasa kinakuwa ringi.

Mtoto huyo huyo, darasani, hupata sifuri katika hesabu za duara! Mwalimu, mwambie alete gari lake. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 7 husogea takriban sentimita 22 kila linapozunguka mara moja. Apime mwenyewe kwa uzi, hatasahau.

Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka masomo na maisha viende pamoja. Nawe mzazi, kabla hujalitupa gari hilo jalalani eti linampotezea mtoto muda, kumbuka kwamba fundi huanzia hapo.

Hadi juma lijalo, kwaheri.