Togwa na Soda: Povu la Asili Moja

Taarikhi ya vinywaji baridi, kama inavyosimuliwa aghalabu, huanzia mji wa Leeds, Uingereza, mwaka wa 1767, ambapo kasisi mmoja mwenye shauku ya elimu, Joseph Priestley, aliyekuwa jirani wa kiwanda cha pombe, aliyaweka maji juu ya mapipa ya pombe iliyokuwa ikiumuka, akatambua kwamba hewa iliyopanda kutoka povuni imeyaingia maji yale na kuyapa ladha ya kuuchoma ulimi. Hewa hiyo ni dioksidi ya kaboni, nayo ndiyo roho ya soda mpaka leo. Basi soda, ambayo hata mcha Mungu huinywa bila wasiwasi, ilizaliwa mlangoni pa pombe.

Lakini povu lile kina mama wa Kikaguru, Kisagara na Kividunda wa hapa Kilosa hawakufunzwa na Priestley. Ulezi hulowekwa, ukafunikwa mpaka uchipue, ukaanikwa, ukasagwa. Huo ndio kimea. Uji wa mahindi au mtama hupikwa, kisha huachwa mpaka uwe vuguvugu, kwani kimea kikitiwa katika uji wa moto sana nguvu yake hupotea. Kikitiwa kwa wakati wake, uji ule mzito hulegea na kuwa mwepesi mbele ya macho ya mpishi, na utamu hujitokeza pasipo hata chembe ya sukari ya dukani, kwa kuwa vimeng'enya vya kimea huugeuza wanga wa nafaka kuwa sukari. Usiku ukipita huja uchachu, ambao ni kazi ya bakteria wa asidi ya laktiki, waliochunguzwa na wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hapa hapa Morogoro. Hiyo ndiyo togwa, na mimi naihesabu katika maarifa makubwa ya nchi hii.

Tukirudi kwa soda, Reli ya Kati ilipofika Kilosa mwaka wa 1909, soda ilikuwa imekwisha kupata mambo mawili iliyoyahitaji ili isafiri. Kwanza Johann Jacob Schweppe, kule Geneva mwaka wa 1783, alianza kuuza maji yaliyosukumiwa hewa kwa mashine. Pili William Painter wa Baltimore, mwaka wa 1892, alivumbua kizibo cha bati chenye meno kando, kile ambacho watoto wetu hukichezea. Kila nchi ikajitafutia ladha yake: Peru ina Inca Kola tangu 1935, na Vimto, iliyobuniwa Manchester mwaka wa 1908, leo haikosekani katika futari za nchi za Ghuba, walikozoea sharubati tangu zamani. Coca-Cola iliingia Tanganyika mwaka wa 1952. Na Stoney Tangawizi, ambayo abiria huinunua stendi ya Mikumi ili kuondoa uchovu wa safari, hufuata nyayo za kinywaji ambacho Waingereza wa karne ya 18 walikiumua wenyewe majumbani kwa tangawizi, sukari na hamira.

Tafauti iliyopo, wasikilizaji, ni kwamba hewa ya soda hutiwa na mashine, na ndani ya chupa hapana kitu kinachoendelea kufanya kazi, ndiyo maana hukaa dukani miezi bila kubadilika. Ilhali togwa ni kitu hai, leo tamu, kesho chachu, na ikiachwa zaidi huelekea kuwa pombe, wala haiwezi kulingoja lori. Kwa sababu hiyo haikusafiri mbali kama soda, si kwa upungufu wa ladha. Nami nahuzunika sana nionapo mgeni amefika, mtoto akatumwa mbio dukani kuleta soda ya heshima, na mtungi umejaa pale pale pembeni ukifunikwa kama kitu cha kuonea haya. Nikikaribishwa mimi huomba kata ya mtungini, na kabla sijaipokea huuliza jambo moja tu: kimea kilitiwa lini?