Kikapu cha Mnunuzi ni Amana

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, wengi wetu hapa Bariadi tunaishi kwa biashara. Tumezoea kuonyana juu ya mizani, riba na viapo vya uongo sokoni. Leo nataka tuzungumzie dhambi nyingine ya dukani, ambayo haionekani katika daftari la mahesabu. Nayo ni dhana mbaya anayoipata muuzaji kwa kutazama vitu anavyonunua mteja.

Vitu vya kawaida, macho yenye shaka

Mama ananunua kilo kumi za sukari na hamira, na muuzaji anawaza kuwa anakwenda kupika gongo. Kumbe Ramadhani imekaribia, naye hukaanga maandazi ya kuuza jioni. Kijana fundi viatu ananunua gundi, anatazamwa kama mvutaji. Mtu anaulizia kuku mweusi, watu wanakonyezana kuwa ametumwa na mganga, ilhali yeye anatafuta kitoweo na rangi haimshughulishi.

Katika miji mingine dhana kama hizi huishia kwenye kicheko. Huku kwetu haziishii hapo. Mkoa wetu wa Simiyu umezaliwa mwaka 2012, kwa sehemu kubwa kutokana na Shinyanga, na sote tunaijua historia ya Usukumani. Vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na macho mekundu yakafanywa ushahidi. Macho hayo yamewekundishwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe na mabua, ambavyo akina mama hupikia kwa uhaba wa kuni. Mwezi Januari 2009, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa, Serikali ilisimamisha leseni za waganga wa jadi. Tuliwalaumu wapiga ramli, na walistahili lawama. Lakini muuzaji anayekitazama kikapu cha mtu kisha akatangaza yaliyomo moyoni mwake, huyo naye anapiga nini kama si ramli?

Tukio nililolishuhudia

Miaka kadhaa iliyopita, niliporejea kutoka masomoni, nilikuwa nimeketi katika duka moja nikisubiri swala ya Alasiri. Akaingia bibi mmoja mzee. Akanunua kaniki, wembe mmoja na kamba. Akahesabu sarafu zake polepole, akaaga, akaondoka. Kijana aliyekuwa kaunta akamwambia mteja aliyefuata, "Huyo usiku ana kazi." Watu wakacheka.

Nami nilicheka. Sikusema neno, lakini nilicheka, na kicheko cha mwalimu wa madrasa kwa watu wale kilikuwa muhuri.

Neno lile lilitangulia kufika kijijini. Kabla wiki haijaisha, watoto wa jirani walikatazwa kuingia uani kwake, na mwanawe akamhamishia nyumbani kwake kwa kuhofia usiku. Ndipo tulipoelezwa ukweli. Binti yake alikuwa amejifungua. Wembe ulikuwa wa kumnyoa mjukuu siku ya saba, kamba ilikuwa ya kumfungia mbuzi wa akika, na kaniki ilikuwa vazi lake la shamba. Sunna ya Mtume (S.A.W) tuliigeuza kuwa uchawi, nami niliyeisoma sunna hiyo kwa Kiarabu nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ustadhi, nimekusamehe. Lakini dukani kule sirudi. Chumvi nitamtuma mtoto." Sikuwa na jibu.

Kauli ya wanazuoni

Katika Surat al-Hujurat, Allah (S.W) ametuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, akatukataza kupelelezana na kusengenyana. Tazameni mpangilio huo: dhana huzaa upelelezi, na upelelezi huzaa usengenyaji. Njia yote hiyo hupitiwa kaunta kwa dakika moja.

Huenda mtu akauliza: je, muuzaji auze chochote kwa yeyote bila kujali? Hapana. Wanazuoni wamelijadili suala hili katika mlango wa kumuuzia zabibu mtengeneza pombe. Imam Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 Hijria, ameeleza katika al-Mughni kwamba uuzaji huo huharamika pale muuzaji anapojua makusudio ya mnunuzi, ama kwa kauli yake mwenyewe, ama kwa dalili zinazomhusu yeye hasa. Jambo likiwa na uwezekano wa pande mbili, kama mnunuzi ambaye hali yake haijulikani, uuzaji unajuzu.

Zingatieni sharti hilo: dalili zinazomhusu yeye hasa. Uzee si dalili. Ujane si dalili. Wekundu wa macho, kabila, kilemba na nguo chakavu si dalili. Lakini mtu akitamka kwamba panga analolinunua ni la kumkatia jirani, hapo umejua, na kumuuzia ni kumsaidia katika dhulma.

Wajibu wetu

Kwanza, muuzaji mwenye wasiwasi wa kweli na amuulize mteja mwenyewe, kwa upole, wala asiwaulize wengine. Mkulima wa pamba akija kununua dawa ya wadudu huku uso wake umejaa huzuni, mwite pembeni, mpe kiti, mwulize habari za nyumbani. Huko si kupeleleza, ni kumjali ndugu yako. Huenda ukaokoa roho.

Pili, alichonunua mtu kibaki baina yako na yeye. Tena usicheke mwenzako anapokitangaza.

Tatu, mnunuzi naye asione uzito kujieleza. Mtume (S.A.W) alipokuwa akimsindikiza mkewe Safiyya (r.a) usiku, wakapita Maanswari wawili wakiharakisha mwendo. Aliwasimamisha akawafahamisha kuwa yule ni Safiyya, kwa kuchelea shetani asije akatia kitu nyoyoni mwao. Ikiwa yeye aliyehifadhiwa na dhambi alijieleza, sisi ni nani tukasirike kwa swali moja? Lakini kumbukeni pia kwamba wale wawili hawakuwa wamesema neno kwa mtu.

Tunamuomba Allah (S.W) azisafishe nyoyo zetu, azihifadhi ndimi zetu, na awalinde wazee wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.