Saa Zilizopotea: Siku ya Kawaida ya Mtu Mwenye Nafsi Zilizogawanyika



Tumchukulie mwalimu wa shule ya msingi. Jumatatu asubuhi anafungua simu na kukuta ujumbe wa muamala: Jumamosi alasiri alitoa shilingi 40,000 kwa wakala wa mtaa asioujua. Kabatini limetundikwa gauni la rangi ambayo yeye havai. Kwenye daladala kijana anamsalimia kwa jina lisilo lake, naye anaitikia kwa tabasamu, maana ameshazoea. Jumamosi yote haimo kichwani mwake, na hakuwa amelewa wala hakuwa na homa.

Mwalimu huyu ni wa mfano tu, lakini mambo niliyomtwika ndiyo wanayoyasimulia wanaoishi na maradhi haya. Mimi huyaita maradhi ya nafsi zilizogawanyika. Ni mtu mmoja mwenye hali mbili au zaidi za nafsi zinazopokezana usukani, na baina ya hali hizo kuna usahaulifu usio wa kawaida. Mwaka 1994 wataalamu wa Marekani waliacha kuyaita maradhi ya haiba nyingi. Nadhani walifanya vyema, kwani shida si kwamba watu wengi wamejazana katika mwili mmoja. Ni nafsi moja iliyokosa utulivu wa kukua ikiwa kitu kimoja. Mara nyingi mzizi wake ni mateso ya utotoni yaliyojirudia. Mtoto anayeumizwa na yule yule anayemlisha atakimbilia kwa nani? Anabaki palepale, ila akili inamwachia "mwingine" maumivu yale.

Sinema zimetuharibia jambo hili. Split ya mwaka 2016 ilimgeuza mwenye maradhi haya kuwa mtekaji na muuaji, wakati anayekuwa hatarini zaidi ni yeye mwenyewe: wengi wao wamewahi kujaribu kujiua. Hata kubadilika kwenyewe hakuna kishindo. Macho yanapepesa, sauti inashuka kidogo, kichwa kinauma. Aliyeketi jirani anaweza asitambue lolote.

Asitambue, kwa sababu kazi kubwa ya siku ni kuficha. Mtu huyu amejifunza kuuliza bila kuonekana anauliza: "Enhe, tuliishia wapi vile?" Tangu utotoni ameitwa mwongo, kwa kuwa alikana mambo ambayo watu walimwona kwa macho yao akiyafanya, kumbe alikuwa akisema kweli yake. Na anaweza kuficha huku amekalia kiti kikubwa. Robert Oxnam, msomi wa historia ya China, aliongoza taasisi ya Asia Society ya New York kuanzia 1981 hadi 1992. Mwaka 2005 alitoa kitabu, A Fractured Mind, akieleza kwamba ndani yake ziligunduliwa nafsi 11. Waliokutana naye ofisini waliona kiongozi hodari.

Wapo wataalamu wanaodai kwamba maradhi haya hupandikizwa na waganga wa akili wenye papara pamoja na vitabu kuhusu maradhi haya, kama Sybil cha 1973. Papara hiyo ipo kweli, nasi tujihadhari nayo. Lakini haielezi habari za mtu aliyepoteza saa zake miaka mingi kabla ya kukanyaga kliniki.

Kwetu kuna swali la pepo. Mwanamke wa pwani aliye kiti cha pepo, anayepandisha ngomani mbele ya fundi na jamaa zake, kisha akarudi nyumbani kwake salama, si mgonjwa kwa sababu hiyo. Miongozo ya kitabibu yenyewe inakataa kuita ugonjwa jambo ambalo ni sehemu ya mila au dini inayokubalika. Wasiwasi wangu ni kwa yule anayechukuliwa bila kutaka, popote, akiwa sokoni au darasani, na maisha yake yakavurugika. Huyo tusimkemee, wala tusikimbilie kumwita kichaa kwa sababu tu anasikia sauti. Sauti zake mara nyingi ziko ndani ya kichwa, zimekuwapo tangu utotoni, na hubishana zenyewe kwa zenyewe.

Kwa hiyo ninyi washauri nasaha na maofisa ustawi wa jamii, mkikutana naye, msimuulize ana watu wangapi ndani. Muulizeni kama huwa anapoteza muda, au kama hukuta vitu asivyokumbuka kuvinunua. Wala msimsukume akumbuke mateso. Usalama wake hutangulia, na kumbukumbu zitasubiri. Ile nafsi yenye hasira, inayowatukana, huenda ndiyo iliyomlinda alipokuwa na miaka mitano. Isalimieni kwa heshima.

Si wote wanaotaka nafsi ziungane. Kim Noble, mchoraji wa London, ana nafsi kadhaa zinazochora, kila moja kwa mtindo wake. Wengine huanza kwa daftari moja linalowekwa mezani, ambamo kila nafsi huandika ilichofanya. Mwalimu wetu angeweza kulifungua Jumatatu na kukuta mwandiko wa kitoto: "Gauni nimenunua mimi. Usilitupe."