Mama Hakutajwa

Habari mliisikia Januari 2024. ReTro, tumbili wa China aliyetengenezwa kuwa nakala ya tumbili mwingine, alikuwa amepita miaka mitatu akiwa mzima wa afya. Picha yake iliingia kwenye kila simu. Wanasayansi walipongezwa, na walistahili. Hatukuja kukitia mchanga kitumbua chao.

Tumekuja na swali moja tu. Mama yake ni nani?

Maana tumbili huyu hakudondoka kutoka kwenye darubini. Alibebwa. Jina lake tunalijua, umri wake tunaujua. Mama hakutajwa.

Tuhesabu pamoja. Kwa ReTro vilitengenezwa viinitete 113. Vilivyopandikizwa ni 11. Majike waliopandikizwa ni 7. Aliyezaliwa akaishi ni 1. Turudi nyuma, mwaka 2018, tulipoletewa picha ya Zhong Zhong na Hua Hua, tumbili wawili wa Shanghai waliokuwa nakala vilevile, wakiwa wamekumbatiana. Watafiti waliowatengeneza walikuwa na jaribio jingine, la seli za tumbili aliyekomaa: majike 42, mimba 22, watoto 2. Watoto hao wa jaribio la pili hawakumaliza siku mbili duniani. Hili wengi hawalikumbuki, kwa sababu halikuwa kwenye picha.

Mimba 22, watoto 2. Nyingine 20 hazikufika. Hazikufika kutoka tumbo la nani? Mama hakutajwa.

Kazi yenyewe si ya kitoto. Jike wa kutoa mayai hudungwa homoni siku baada ya siku ili mayai mengi yapevuke kwa mkupuo. Hulazwa kwa dawa ya usingizi, tumbo hutobolewa, mayai yakafyonzwa kwa sindano. Jike mwingine hulazwa vivyo hivyo ili apokee kiinitete. Akiharibu mimba, anasubiri zamu nyingine. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hapa mzazi ndiye asiyeulizwa.

Utasema hayo ni ya China. La, hata hapa kwetu yapo. Pale Karen, Nairobi, kuna taasisi ya utafiti iliyofuga nyani na tumbili kwa miongo mingi, na nyani jike amewafundisha madaktari mengi kuhusu tumbo la mwanamke. Hupata hedhi kama mwanamke. Siku za yai zikikaribia, makalio yake huvimba na kuwa mekundu, hata mtunzaji aliyesimama nje ya kizimba na daftari lake huzisoma kwa macho. Huugua hata ule ugonjwa wa ukuta wa mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko wenyewe, unaowatesa dada zetu kila mwezi. Hatusemi utafiti huo ufungwe. Tunasema deni lipo, na mdai hana jina.

Na mazoea haya ya kutomtaja mama yameshahamia kwa binadamu. Ingia kliniki ya kupandikiza mimba. Ukutani zimepangwa picha za watoto waliozaliwa, wanene, wanacheka. Waliouza shamba, waliofanyiwa harambee, wakapandikizwa mara tatu na kurudi nyumbani mikono mitupu, ukuta wao uko wapi? Hakuna. Mtoto ana picha. Mama hakutajwa.

Watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa maabarani walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Mwaka 2024 walitimiza miaka 18. Umri wa kupiga foleni ya kitambulisho ulifika, na nchi iliyowapongeza ilikuwa bado haijatunga sheria ya namna walivyozaliwa! Muswada wa mwaka 2022 ulikuwa umekaa Bungeni. Uliotangulia ulikufa pamoja na Bunge lililomalizika mwaka 2022. Wakati huo, mwanamke aliyembebea mwenzake mimba kwa malipo aliweka saini kwenye karatasi aliyoandikiwa na mtu mwingine, na akipata madhara hakujua aende kwa nani.

Waheshimiwa wabunge, muswada huo mliulalia kwa nini? Sheria ya uzazi huu iandike kwamba kila kliniki itangaze waliopandikizwa, si waliozaa peke yao. Iandike kwamba mama mbebaji ana haki zake, ana daktari wake, ana wakili wake. Nanyi watafiti, siku ya kutangaza ushindi, tangazeni na majike: walikuwa wangapi, walilazwa mara ngapi, wako wapi leo.

Nawe msikilizaji, picha ya mtoto mzuri ikiingia kwenye simu yako, usiisambaze kwanza. Uliza. Uliza maabara, uliza kliniki, uliza mbunge wako akija kuomba kura. Uliza mpaka wachoke kukujibu: mama yuko wapi? Wamtaje!