Viumbe Wadogo wa Milango ya Bahari

Mtu wa Mbwawa anunuapo fungu la dagaa wa baharini, pengine hudhani ya kuwa samaki hao hawahusiani hata kidogo na shamba lake, kwa kuwa bahari i mbali naye. Leo twataka kueleza ya kuwa uhusiano upo, nao hupita katika maji.

Dagaa hula viumbe wadogo sana waeleao majini, ambao wataalamu huwaita zuplanktoni. Wengi wao ni wadogo kuliko punje ya ufuta. Wamo jamaa za kamba, na watoto wa kaa na wa samaki. Mchana wengi hukaa chini gizani, na usiku hupanda juu kula mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Dagaa nao huwafuata. Ndiyo sababu wavuvi huenda na taa usiku usio na mbalamwezi.

Basi viumbe hao hawaogelei kwa nguvu hata waweze kushindana na mkondo. Maji yalivyo, ndivyo nao walivyo. Tutazame milango mitatu ya bahari yetu. Mlango wa Pemba una kina cha zaidi ya pima 300, na maji yake ni safi, yenye chumvi ya bahari kuu. Humo aina za viumbe ni nyingi, lakini idadi yao katika maji si kubwa. Mlango wa Unguja, mahali pengi haufiki pima 30, na mlango wa Mafia ni mfupi wa kina zaidi. Huko mito huleta maji matamu na rutuba. Viumbe wavumilivu wa maji hayo huongezeka mno, pamoja na watoto wa kamba na kaa watokao katika mikoko.

Majira nayo hubadili mambo. Wakati wa kusi mkondo huenda kaskazini kwa kasi, na bahari hupoa na kuchafuka. Wakati wa kaskazi mkondo hulegea na maji hupata joto. Karibu na Kilindoni, kisiwani Mafia, tangu Oktoba hata Februari huonekana papa potwe, samaki mkubwa kupita wote duniani. Mnyama huyo mkubwa hufuata kamba wadogo kuliko ukucha.

Sasa turudi kwetu. Mto Ruvu hushuka kutoka milima ya Uluguru, hupita upande wa Kibaha, ukaingia baharini karibu na Bagamoyo, katika mlango wa Unguja. Rutuba kidogo ichukuliwayo na mto ni chakula. Bali tope jingi ni hasara. Tope huzuia mwanga wa jua, mimea midogo ikafifia, na walao mimea hiyo wakapungua. Tukikata miti ya ukingoni na kulima mpaka majini, mvua ya masika huchukua udongo wetu. Hapo mkulima amepoteza shamba, na mvuvi amepoteza samaki. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto.

Basi tuuache ukingo na miti yake.