Jinsi Wajerumani Wanavyowafundisha Vijana Wao Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Masinga)



Mmetuuliza mara nyingi kwa nini kijana wa hapa kwetu aweza kumchanganyia fundi simiti au kumshikia spana miaka sita, akaijua kazi yote, na bado akaandikwa kibarua kwa kuwa hana karatasi. Tumeona afadhali tulijibu swali hilo kwa kueleza mpango wa Ujerumani, ambako mambo ya uanagenzi yamewekwa katika sheria.

Kwanza shule zao. Ujerumani ina majimbo 16, na kila jimbo lina waziri wake wa elimu na taratibu zake. (Kwetu, Katiba ya 2010 iliwapa kaunti shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini.) Mtoto huanza shule akiwa na miaka 6. Baada ya miaka 4, au 6 kwa Berlin na Brandenburg, watoto hugawanywa: wengine huenda Gimnasiamu, ndiyo njia ya chuo kikuu, na wengine huenda shule zinazoelekea zaidi kwenye kazi. Siku hizi majimbo mengi yana pia shule zinazowachanganya wote.

Hapo hatuwasifu. Miaka 10 ni umri mdogo mno wa kumpimia mtu maisha yake, na watoto wa wafanya kazi huonekana Gimnasiamu kwa uchache kuliko watoto wa wasomi. Hata vyama vya huko vimelipigia kelele jambo hilo miaka mingi.

Lakini lililo jema ni hili linalofuata. Kijana aliyemaliza shule hutafuta mwajiri, wakatia sahihi mkataba wa kujifunza kazi, miaka 2 mpaka 3 na nusu. Siku tatu au nne za juma yuko kazini; siku moja au mbili yuko shule ya ufundi, akisoma hesabu, michoro na mambo ya kazi yake. Kazi zenye mpango kama huo ni zaidi ya 300: fundi umeme, mwashi, mwokaji mikate, karani wa benki.

Sheria yao ya mwaka 1969, iliyorekebishwa baadaye, inamlinda mwanagenzi. Analipwa tangu mwezi wa kwanza, na malipo huongezeka kila mwaka. Kiwango cha chini kilipoanza mwaka 2020 kilikuwa yuro 515 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Vyombo vya kujifunzia anapewa bure. Tena mwajiri hana ruhusa ya kumtumia kwa shughuli zisizohusu mafunzo yake. Kumtuma chai kutwa nzima ni kuvunja sheria.

Na mtihani wa mwisho, nani anausahihisha? Si mwajiri wake. Ni baraza lenye wajumbe wa waajiri na wajumbe wa wafanya kazi kwa hesabu sawa, pamoja na mwalimu wa shule ya ufundi. Chama kimekaa mezani pale pale ambapo ufundi wa mtu unapimwa. Kwa hiyo karatasi ile inaheshimiwa nchi nzima, na mwenye nayo akihamia kiwanda kingine haanzi upya.

Je, sisi hatuna kitu? Tunacho, ila wengi hatukitumii. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ipo, na halmashauri yake, NITA, ina wajumbe wa waajiri na wa wafanya kazi pia. Ina kituo Athi River, humu humu Machakos. Mwajiri hutoa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi ziwe fedha za mafunzo, naye haruhusiwi kuzikata katika mshahara wako. Akifundisha watu wake kwa mpango uliokubaliwa, aweza kuomba arudishiwe gharama. Na kijana aliyejifunza kazini, bila chuo, aweza kufanya mtihani wa ufundi wa gredi ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza.

Basi katika mapatano yajayo na waajiri tutataka mambo mawili: kila msaidizi wa fundi awe na mkataba wa maandishi unaosema anajifunza nini na kwa muda gani, na mwajiri alipe ada ya mtihani wake. Wenye vijana kazini wampe katibu majina yao, aina ya kazi, na miaka waliyoifanya.