ALIIBWA AU ALITOROKA?

Leo hebu tutazame mbali kidogo, kule Meksiko. Katika familia nyingi za huko, mtoto akiuliza babu alimuoaje nyanya, hujibiwa kwa mkato: "Alimwiba." Watu wakacheka, maneno yakaisha.

Lakini neno hilo moja limebeba mambo mawili. Mara nyingi wenyewe walikubaliana. Baba amekataa posa, au pesa za harusi hakuna, basi usiku binti akatoroka na mchumba wake. Baadaye wazazi wa kijana wakaja kuomba radhi, ndoa ikafungwa. Yuko na binti mwingine, aliyebebwa kwa nguvu, kisha kwao akaambiwa: umeshaaibika, olewa naye tu. Huyu naye husemwa "aliibwa".

Zamani za utawala wa Wahispania, Kanisa liliweza kumweka binti kama huyo katika nyumba ya watu wa heshima, aulizwe huko kama anamtaka mume kwa hiari yake. Lakini sheria ya jinai ya 1931 ilisema mtekaji akimuoa aliyemteka, hashtakiwi. Yaani ndoa ikafuta kosa! Mwaka 2019 ndipo sheria ya taifa ilipofunga kabisa mlango wa ndoa chini ya miaka 18.

Basi wewe, ukisimuliwa hadithi kama hiyo, usikimbilie kucheka. Uliza kwa adabu: yeye mwenyewe alitaka? Na nyanya akinyamaza, usimjibie.